Kucha za Salma

Jumatatu, 7 Julai
Nashona mabuibui matatu ya harusi ya wateja, pindo bado. Vijana wamekuja tena hapa mtaani Kuze kupiga picha mlango wa Bi Rukia. Tangu redio ianze kipindi cha mauaji ambayo wauaji wake hawakupatikana, kila mtu amekuwa mpelelezi. Salma alinyongwa mle ndani mchana, mamake, Bi Rukia, yuko sokoni. Miaka mingi sasa. Alikuwa rafiki yangu. Nawachukia wanaocheka mbele ya mlango ule.

Jumatano, 9 Julai
Redioni leo mtaalamu wa DNA. Asema aliyekwaruzwa huacha ngozi yake kwenye kucha za marehemu, na ikihifadhiwa vyema, hata miaka ikipita humtaja mwenyewe. Ya kwenye kucha za Salma imehifadhiwa. Kassim, ndugu yangu, akanyanyuka akaizima redio. Chai hakuimaliza.

Ijumaa, 11 Julai
Wapelelezi wamewaomba wanaume wote waliokuwa wakiishi kwenye kichochoro hiki wakati ule watoe mate. Kwa hiari. Baada ya swala walipanga foleni, hata muuza kahawa na mkongojo wake. Kassim hakwenda. Homa, asema. Nilimgusa kipaji cha uso. Baridi.

Jumapili, 13 Julai
Watu wameanza kumtaja Kassim. Nimemtetea kwa majirani mpaka koo likanikauka. Kisha nikarudi, nikajifungia chumbani kwa ufunguo. Sijawahi. Namuogopa ndugu yangu. Ndiyo hivyo.

Jumanne, 15 Julai
Redio tena: ndugu wa tumbo moja, mate ya mmoja huweza kumwelekeza mwingine. Baba na mama hawapo, tumebaki mimi na yeye. Wakati wa staftahi nikamwambia kwamba asipokwenda yeye nitakwenda mimi, tuyamalize maneno ya watu. Nilitaka anicheke. Hakupandisha hata sauti.

"Dada, wataka kunitia kitanzi?"

Nikauweka mkate chini.

Jumatano, 16 Julai
Nimekwenda. Kijiti cha pamba ndani ya shavu, basi. Askari wa kike aliniuliza mara mbili kama kuna aliyenilazimisha. Nikasema hakuna. Nyumbani nguo za Kassim hazipo. Majirani wasema alishika njia ya Malindi.

Jumanne, 5 Agosti
Majibu. Mwenye ngozi ile ni ndugu yangu wa kiume. Sina mwingine. Wamekwenda kumchukua.

Alhamisi, 28 Agosti
Mate yake yamelingana. Amekiri. Alimtaka Salma, Salma hakumtaka. Hiyo tu. Kwa hilo tu.
Nimemlilia Salma. Kisha nimemlilia Kassim, na nikaona haya kwa kilio cha pili. Wateja wawili wamekuja kuchukua vitambaa vyao, havijashonwa.

Ijumaa, 5 Septemba
Nimepata chumba cha kuhamia, mtaa wa Ganjoni. Nikaenda kumuaga Bi Rukia, maana kuondoka kimya ningeshindwa. Shikamoo yangu aliipokea. Hakunikaribisha kuketi. Aliuliza kama ni kweli nilikwenda mwenyewe kutoa mate. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nilijua yatakayotoka. Nikasema nilihofia.
Aligeuka kuutazama mlango. Nje watoto walikuwa wakitoka chuo cha Kurani.
"Usihame," akasema. "Tuliompenda Salma tumebaki wawili."
Nikaketi.