Mstari Ninaouruka

Mjukuu wangu Neema,

Salamu kutoka Qurus. Babu yako anakohoa kidogo tu, na mbaazi zimetoa maua. Mimi ndiye nisiyetulia. Naandika mstari mmoja, nainuka kufagia ua nilioufagia asubuhi, narudi.

Umeniuliza kama ni dhambi kumkasirikia Mungu, maana tangu tumzike mama yako huwezi kusali. Nikwambie yangu.

Mtoto wangu wa kwanza alipofariki, kwa mila yetu Wairaqw nilikaa miezi bila kuingia kwa jirani wala kuchota maji pamoja na wenzangu. Jumapili niliyorudi kanisani tukasali Baba Yetu. Tulipofika "mapenzi yako yatimizwe", mdomo ukagoma. Nikainamisha kichwa kwa aibu. Ndipo nikagundua kwamba Mama Yohana, mzee wa kanisa aliyesimama pembeni yangu, naye amenyamaza. Watu walipofika kwenye mkate, akaendelea nao.

Nje nikamuuliza.

"Pale huwa naruka, mwanangu," akasema. "Tangu nimzike Yohana. Na Baba hajanifukuza."

Sikumbuki ni lini niliuweza tena ule mstari. Niliuweza tu siku moja, nikadhani nimemaliza. Sasa nimemzika na binti yangu, na Jumapili iliyopita mstari ule umenishinda upya.

Ukija Krismasi, simama karibu yangu. Tukifika pale tutanyamaza wote wawili, halafu tutaomba mkate.

Ni mimi bibi yako, ninayekungoja.