Kisanduku Ulichonifungia

Mwanangu Neema,

Nakuandikia kwenye kompyuta yako, kwa vidole vilevile viwili ulivyokuwa ukivicheka.

Unakumbuka uliponifundisha ile programu ya ng'ombe wetu? Kila ng'ombe ulimwekea kisanduku chake. Chuoni visanduku hivyo mliviita vigeuzi. Nikauliza, nitajuaje cha Madoa kiko wapi?

Ukaniita mama kwa lugha ya kwetu: "Mayu, huna haja ya kujua. Andika jina tu. Programu italichukua, ikatafute kisanduku kinachoitwa hivyo."

Nikaandika Madoa. Zikaja kwenye kioo sindano alizochomwa na ndama wake wote. Nikapiga kigelegele, ukasema, "Taratibu, utawatisha wenyewe zizini!"

Ulipougua ukaniambia kuna kisanduku changu pia, umeniandikia maneno.

"Kinaitwaje?"

"Jina alilonipa bibi. Nenda Nkololo kamuulize."

Ulijua sijakanyaga kwa mama mkwe tangu ukiwa mchanga. Ulilia siku tatu mfululizo, naye akasema mababu wanataka uitwe jina la mmoja wao. Mimi nilikuwa nimetoka kubatizwa. Kabla hajalitamka nilikubeba mgongoni nikaondoka. Kumbe likizo zote ulizopelekwa huko na baba yako, bibi alikuwa akikuita hivyo mkiwa wawili tu, nawe ukiitika.

Nilidhani muda upo. Nikaenda baada ya kukuzika. Nilipiga magoti mlangoni kwake. Akaniangalia sana.

"Mkamwana, nilitaka kulitoa ukalikimbia. Sasa mwenye nalo hayupo, nimpe nani?"

Nilirudi mara mbili, akaninyamazia. Wakati wa mavuno naye tukamzika.

Fundi wa kompyuta hapa Bariadi ameangalia. Anasema maneno umeyafunga kwa jina lenyewe. Bila hilo hayasomeki. Nimejaribu majina ya wazee wote wa ukoo ninaowajua, na niliotajiwa na shemeji zangu. Jibu ni lile uliloliandika wewe, kwa adabu yako: "Samahani, hakuna kisanduku chenye jina hilo."

Leo nimeacha. Kanisani wananiambia nijipe moyo; naitikia ili wasiumie.

Maneno yako ningeweza kuishi bila kuyasoma. Kinachonishinda ni huyo binti wa Nkololo, aliyeitwa kwa jina lake akaja mbio akicheka. Nilimzaa mimi, na sikuwahi kumjua.

Pumzika, mwanangu.

Mimi, mama yako