Tairi Alizochagua Nekesa

Bungoma, Jumapili, Agosti 2007

...lakini tuko wazima, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Juzi pale Kitale nilitaka kuifunga pikipiki yangu tairi za raba ngumu, kwa sababu haziishi haraka. Mke wangu Nekesa akakataa katakata. "Si mimi ndiye nakaa nyuma? Chukua hizi laini, zenye mifereji ya kutoa maji. Hizi ndizo zinashika barabara." Nilizichukua huku nikinung'unika.

Leo tulikuwa tukija kwa mama yangu. Tulipopita Ndalu mvua ikatushika, na kwenye kona tukakuta lori la mahindi limekwama katikati ya njia. Nilishika breki nikijua tumekwisha. Pikipiki haikuteleza. Ilipunguza mwendo, ikainama nilikotaka, tukapita ubavuni mwa lile lori.

Nekesa alinishika kiuno kwa nguvu mpaka tukafika hapa. Mama alipotuona tunatetemeka akauliza, "Kwani baridi ni kali hivyo, watoto wangu?"

"Ni kali, mama," nikajibu.

Nekesa akacheka, kisha akaanza kulia. Nikamshika mkono mbele ya mama, jambo ambalo sijawahi kulifanya.