Unga wa Majani ya Viazi

Baba yangu mpendwa,

Tumevuna viazi vya kizungu shambani kwa nyanya, mama yako, kule Masereka. Majani nimeyabeba kwenye gunia mpaka nyumbani Butembo, pamoja na machipukizi na maganda ya kijani. Mama mmoja njiani alinicheka: "We binti, viazi unaacha, takataka ndiyo unabeba?" Nikajitwika gunia na kusonga mbele. Wewe ungemsimamisha na kumweleza.

Unakumbuka mara ya kwanza? Vita vilikuwa vimefunga barabara, dawa ya wadudu haikufika sokoni, na kabichi za mama zilijaa vidukari. Ukaniambia majani ya viazi yana sumu, alkaloide, nayo hutolewa kwa maji yenye asidi. Siki hatukuwa nayo, ukaja na kasiksi iliyochacha. Mama akapiga kelele: "Baba Kavira! Shemasi muzima unaingiza pombe ya ndizi mu nyumba?"

"Hii hapana pombe tena. Imeshakufa, ni acide tu."

"Basi waelezee majirani. Mimi hapana."

Tuliloweka majani, tukachuja kwa kitambaa, kisha ukaomba yale maji ya majivu ambayo mama hulainishia maharage, ili yaue asidi na sumu izame. Ukamimina polepole. Tope likatulia chini ya chupa, la kahawia kwa sababu ya kasiksi; tulipolianika likawa unga. Nikasema unafanana na ugoro wa nyanya. Ulicheka, kisha ukasema utaenda Beni kutafuta siki ya kweli.

Laiti ningenyamaza tu.

Wiki hii nimerudia kazi yote peke yangu. Rangi ni ileile. Nimeukoroga unga katika maji, nimenyunyizia mstari mmoja wa kabichi na mwingine nimeuacha, kama ulivyonifundisha. Silii, baba. Mikono inafanya kazi, mimi niko mbali nayo kidogo.

Jumapili mchungaji alimuuliza mama kama jina lako lisomwe pamoja na majina ya waliokufa, maana msimu mzima wa mvua umepita tangu uende Beni. Mama akanigeukia: "Kavira, tuseme nini?" Nikakumbuka ulichoniambia kila nilipoandika lebo: "Andika ile umeona na macho, basi."

"Hatujaona, mama," nikasema. Jina halikusomwa.

Kwenye chupa nimeandika: *Sumu. Msionje. Unga wa kahawia.* Na kwenye daftari letu: *Baba ameondoka asubuhi kwa baiskeli, njia ya Beni.* Mstari unaofuata nimeuacha wazi.

Ni mimi, binti yako na msaidizi wako,
Kavira