Aliyejiita Kitufe

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko? Mgongo wako unaendeleaje tangu uinue ile mashine ya kurudufu peke yako kama mwendawazimu? Sisi hapa wazima, ila miguu yangu inavimba jioni nikikanyaga cherehani muda mrefu. Anayeniandikia ni mkwe wangu. Macho yangu na herufi za simu hazipatani, kwa hiyo mimi nasema, yeye anabonyeza.

Sasa kaa chini. Nimempata dada yako! Yaani, nimempata na sijampata. Binti wa mteja alikuwa akinisomea habari za viraka kwenye ile tovuti ya maarifa ambayo kila mtu anaandika, ile unayoilinda wewe jioni bila malipo. Akasoma: "Uzi ukikukatikia mara tatu, usiutukane uzi, tazama sindano." Mwanangu, hayo ni maneno yangu! Nimewaimbia wanagenzi wote maneno hayo. Na aliyeyaandika amejiita Kitufe. Nani mwingine duniani anaitwa Kitufe, ila yule aliyemeza kitufe cha koti la mteja akiwa mdogo, tukakingoja kama mgeni?

Tangu aondoke bila kwaheri nimekonda, na mumewe, huyu anayeniandikia, naye amekonda. Wewe una funguo za huko ndani. Tazama yuko mji gani, uniambie.

Mama yako mkubwa


7 Machi

Shikamoo Mama Mkubwa,

Mgongo umepoa, nashukuru. Hiyo miguu iinue juu ya kigoda ukilala. Nilicheka kwa kitufe, kisha nikairudia barua tangu mwanzo.

Ni kweli nina funguo. Wachache wetu tunaweza kuona mtu ameandika kwa mashine ipi, simu au kompyuta, na kutoka hapo kukisia mji aliko. Lakini funguo hizo ni za kumkamata anayeharibu kurasa, basi. Tumetia sahihi, na kila tukichungulia, wenzetu wanaona kwamba tumechungulia. Anayeandika pale ametuamini. Jina alilojichagulia linaonekana na kila mtu, mengine tunayafungia, na baada ya miezi michache yanafutwa kabisa. Nikichungulia ili nimtafute ndugu yangu, nitakuwa sawa na wewe kupekua mifuko ya koti uliloletewa ulishone.

Nami namtaka, Mama Mkubwa. Tulilala kitanda kimoja nyumbani kwako. Sielewi kwa nini aliondoka, wala kwa nini hata mimi hakuniaga. Lakini sifungui.

Ila kila mwandishi ana ukurasa wake wa mazungumzo. Ukitaka, mwachie neno pale.

Mwanao


10 Machi

Mwanangu,

Za huko? Mgongo usiuache ukapigwa na baridi. Nilikukasirikia, nikakusamehe, sasa nimekasirika tena. Mtoto niliyemlea ananiambia habari za sahihi! Nilipokushonea sare ya shule nilikudai sahihi?

Lakini ule ukurasa tumeuona, na dada yako nimemwachia barua. Nimemwita kwa jina lake lote mpaka la babu, asije akadhani ni tapeli. Nimeweka namba ya simu, nimemweleza nyumba ni ile ile mkabala na kinu, na kwamba mumewe hana kinyongo, arudi tu. Mkwe amenisaidia sana, ndiye aliyesema niweke jina kamili. Hakuna atakayeisoma ila yeye, si ndiyo? Sasa nangoja afungue bahasha.

Mama yako mkubwa


11 Machi

Shikamoo Mama Mkubwa,

Natumaini miguu inaendelea vizuri. Nisamehe, nilipaswa kukueleza. Ukurasa ule si bahasha, ni ukuta wa sokoni. Kila apitaye anasoma.

Nilipouona niliuficha mara moja, na mwenzangu mwenye uwezo zaidi ameuondoa hata kwenye kumbukumbu za zamani. Lakini ulikwisha kukaa pale usiku na mchana. Yeye alijificha nyuma ya Kitufe, sisi tukaja tukamtundikia jina lake la ukoo.

Na leo Kitufe hayupo. Mwandishi akiomba, tovuti humbadilishia jina, na kila mahali alipoandika panabaki "Mwandishi Aliyeondoka". Kazi yake ipo, maneno yako ya sindano yapo, jina ndilo limekwenda. Usiogope, hilo si tangazo la kifo. Zaidi ya hapo sijui, na ningejua nisingesema.

Mwanao


15 Machi

Kwako,

Tunahitaji mambo haya kwa haraka. Namba ya mashine aliyotumia Kitufe, kabla haijafutwa. Mji aliopo. Kampuni ya simu anayotumia. Wewe ni familia, acha visingizio. Usipotuma, usihesabu kwamba una mama huku.

Mama yako mkubwa


15 Machi

Shikamoo Mama Mkubwa,

Nimeisoma barua yako mpaka maneno yamenichanganya. Mgongo wangu haukuulizwa. Miguu yako haikutajwa. Tangu nijue kusoma hujawahi kuniandikia bila salamu, hata siku ile ulipoandika kunigombeza kwa kuuza baiskeli. Sielewi ni nani anayeniandikia.

Simu hii siijibu tena. Kama ni wewe, tafuta njia nyingine, nami nitajua.

Mwanao


20 Aprili

Mwanangu,

Mgongo je? Ukiuma, ukande kwa maji ya moto. Mwandiko usinicheke, unapanda na kushuka kama pindo la mwanagenzi, lakini ni wa mkono wangu. Barua anakuletea dereva wa lori la vitambaa. Simu sina, nimemrudishia mwenyewe.

Ile barua isiyo na salamu sikuisema mimi, wala sikujua kama ipo mpaka juzi, binti wa mteja aliponisomea zote mkwe akiwa amelala. Kila nilipomwuliza mkwe umejibu nini, aliniambia hujajibu. Siku moja nikaichukua simu nimpelekee binti wa mteja anisomee. Mkwe akanishika mkono, hapa juu ya kiwiko, akaukamua mpaka nikaiachia. Kisha akatabasamu, akaniuliza kama nataka chai. Sikuwa hata na hasira, mwanangu. Nilichanganyikiwa. Mtu aliyenitengenezea paa!

Asubuhi nikaona alama za vidole vyake. Nikatafuta gauni la mikono mirefu nizifunike, wateja wasije wakauliza. Joto lile! Nikiwa nimeingiza mkono mmoja nikakaa kitandani, nikashindwa kuingiza wa pili. Dada yako alikuwa akiniletea magauni nimwongezee mikono, joto kama hilo hilo, nami namtania kwamba amezeeka kabla yangu. Hakunijibu kitu, yeye aliyekuwa akinibishia hata kipimo cha kiraka. Nikayashona yote, tena kwa uzi wa rangi yake usionekane.

Na huyo ndiye niliyemkalisha karibu yangu abonyeze herufi, tukamwita mtoto wangu kwa jina lake lote mbele ya watu. Moyo wangu unaniuma, sikufichi.

Sasa nisikie. Usinitafutie. Hata nikija mlangoni kwako nalia, hata nikikuapiza, usizifungue funguo hizo. Mkwe nimemwambia akikanyaga kizingiti changu nitampokea kwa mkasi wa kukatia makoti, na majirani wote nimewaambia.

Nina swali moja tu. Je, mtu kama mimi anaweza kuandika pale bila kujulikana?

Mama yako mkubwa


5 Mei

Shikamoo Mama Mkubwa,

Mgongo mzima, mkono wako je? Barua nimeisomea kazini, nikalia mpaka mteja akadhani mashine imeniunguza. Sikujua lolote. Naapa sikujua.

Sikufungua, na sitafungua. Muda wake ukifika, yale yaliyofungiwa yatafutika, hata mimi nisiyaone. Nitakapohakikisha yamekwenda nitalala vizuri.

Ndiyo, unaweza kuandika. Jisajili kwanza, maana kwenye tovuti yetu asiyejisajili namba ya mashine yake inabaki hadharani. Chagua jina lisilo lako, wala la utani, wala la mtaa. Usiweke simu. Usimtaje mtu, hata kwa mafumbo. Andika kile unachokijua, uondoke.

Mwanao


30 Juni

Mwanangu,

Za mgongo? Mkono wangu umepona, na miguu imekubali viatu. Yule mtu hajakanyaga hapa. Nasikia amehama mtaa, na sijauliza kaenda wapi.

Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili amekubali kuja na kompyuta yake. Nimemwambia kazi yake ni kubonyeza tu, kusema ni kwangu. Jina nililojichagulia hata wewe sikuambii, uende ukatafute na hizo sahihi zako.

Tukafungua ukurasa wa viraka. Imeandikwa kwamba kiraka cha kiwiko kizidi tundu kwa kidole kimoja kila upande. Kidole kimoja! Kiraka hicho si kitang'oka mtu akijikuna kichwa? Nikarekebisha: vidole viwili. Tukafunga, nikaendelea na mashati yangu.

Juzi tumefungua tena. Mtu amerudisha kidole kimoja. Na pembeni, pale wanapoeleza sababu, ameandika: "Kitambaa si cha bure."

Ee mwanangu! Nani alikuwa akinijibu hivyo mbele ya cherehani hii, kila siku ya Mungu, mdomo umejaa pini? Nilipiga ukelele, mwalimu akadhani nimejichoma sindano. Na jina la aliyeandika lilikuwa pale pale, mbele ya yale maneno. Nikamwambia mwalimu, weka kidole, lifunike, lifunike upesi! Akalifunika. Akaniuliza, "Kwani hutaki kujua?" Nikamwambia nataka mno, ndiyo maana nakuomba ulifunike.

Huenda si yeye. Mafundi wabahili wako wengi duniani. Sijui, na wewe usiniambie.

Nimemsomesha mwalimu yale maneno manne mpaka akachoka na kuomba maji. Kisha nikamwambia afute kidole kimoja, aandike viwili. Sasa nimekaa hapa nangoja kubishiwa.

Mama yako mkubwa