Mbwa Aliyeiacha Kamba

Shemeji Nassor,

Neno hilo nimeliandika kwa mazoea tu. Huu mwezi wa pili hujibu ujumbe wangu, namba yangu umeifunga, na chumba chako umekihama bila hata kuniachia ufunguo. Barua hii naiacha kwa mpishi wa mgahawa tuliokuwa tukila, maana najua njaa ya biriani itakurudisha pale siku moja. Sikuitia kwenye bahasha. Anayetaka kuisoma kabla yako, aisome.

Unakumbuka ulivyocheka siku nilipofaulu mtihani wa ujaji? Nilikuja Guangzhou kusomea tabia za wanyama, mwalimu wangu akanichukua nimsaidie kuandika alama kwenye majaribio ya mbwa wa majini, na baada ya misimu mitatu nikapewa filimbi yangu mwenyewe. Mbwa wale hufundishwa kuokoa watu. Mbwa anapeleka kamba kwa mtu anayejifanya kuzama, anamvuta mpaka ukingoni, na jaji anaandika amefaulu au hakufaulu. Ukaniuliza, "Sasa nyumbani tuwaambie unafanya kazi gani? Kadhi wa mbwa?" Jina likanikaa.

Lakini kwenye lile lililokuwa likinisumbua hukunicheka. Mbwa akijikung'uta maji yananirukia, mara anilambe mkono, nami nimelelewa kuosha mara saba, moja ya udongo. Ni wewe uliyenitafutia kopo la udongo ukaliweka bafuni kando ya sabuni. Nikirudi Jumapili unashika kata, unamimina, unahesabu kwa sauti ya mwalimu wa chuoni: "Tano. Sita. Haya, lete la udongo, Sheikh Kadhi." Nilikuwa mbali na kwetu, na nilijihisi nina ndugu.

Ndiyo maana uliponitajia dada yako Salma sikushangaa. Ulisema, "Namtaka mtu ninayemjua mpaka anavyokoga." Nikaposa, baba yako akakubali, harusi tukaipanga Mfungo Mosi. Habari ya mbwa Salma alikuwa anaijua. Nilimwambia mwanzo kabisa. Baba yako tulikubaliana nimwambie mimi mwenyewe, uso kwa uso, nikifika Unguja. Ulisema hilo ndilo la kiungwana.

Kisha akaja laoban Liang, yule bosi wa kiwanda cha wanasesere uliyekutana naye kwenye maonyesho ya Pazhou. Ulikuwa ukimtaka akuuzie wewe peke yako mzigo wa Dar es Salaam. Naye alikuwa na mbwa mmoja mkubwa mweusi, Doudou, aliyempenda kuliko wanawe. Ghafla ukaomba uwe mshika saa kwenye majaribio yetu. Nilifurahi kama mjinga, nikidhani umetaka kuwa karibu na kazi yangu.

"Kadhi," ukaniambia asubuhi ya siku ile njiani kwenda bwawani, upande wa Nansha, "Doudou mtazame kwa jicho zuri."

"Nitamtazama kwa haya haya mawili niliyonayo."

"Mei wenti," ukasema. Hamna tabu. Nikaamini kweli hamna tabu.

Alasiri iliingia kabla zamu ya Doudou haijafika. Nilivua jaketi langu la kuelea nikatawadha, nikaswali haraka kando ya miti. Jaji mwenzangu akapuliza filimbi kutoka kwenye boti yake ng'ambo ya bwawa, nikarudi mbio, nikapanda jukwaa la kuelea. Jaketi lilibaki pale pale nilipotawadhia. Wewe ulinikabidhi kibao cha alama, ukanitazama kifuani, hukusema kitu. Nilidhani hukuona.

Doudou akaingia majini na kamba mdomoni. Nikainama kutazama kama ameivuka alama ya majini, jukwaa likainama nami, nikatumbukia. Mimi mtu wa Wete sijui kuogelea. Bibi aliyenilea alizika mwana aliyekufa maji, akanikataza hata kulowesha magoti. Ulikuwa unalijua hilo, maana nilikusimulia mwenyewe, na ulinitania wiki nzima. Ninachokumbuka ni maji ya kijani masikioni, kisha kitu kikubwa cheusi kikanikamata mkono wa shati na kunivuta. Doudou alikuwa ameiacha kamba. Alinifikisha ukingoni, akanilamba uso mzima, nami nikalala pale nikicheka na kulia na kutapika maji. Ukaja ukanifunika taulo. "Pole, ndugu yangu," ukasema. "Nilikuwa nakuja."

Nilimpa Doudou nafasi ya kurudia, kanuni inaruhusu. Nilikuwa nimeshakaa ukingoni, nimejifunika, sina shida yoyote. Akafika katikati ya bwawa, akaitema kamba mara ya pili, akarudi kuja kukaa miguuni pangu. Yule mtu wa kuokolewa akabaki kule akipunga mikono. Nilimkumbatia Doudou, nikamwandikia hakufaulu, na yote mawili niliyafanya kwa moyo mmoja. Karatasi ya kufaulu si zawadi ya mapenzi. Inamwambia mtu anayezama kwamba mbwa akitumwa kwake, atafika.

"Amekuokoa roho," ukanong'ona, "na wewe unamwangusha?"

"Aje msimu ujao. Nitakuwa wa kwanza kumpigia makofi."

"Hujui ulichonifanyia," ukasema, na ni kweli sikujua. Sikujua kwamba ulikuwa umeshamwahidi laoban kuwa mbwa wake atafaulu.

Siku tatu baadaye baba yako akapokea video ya sekunde nane. Niko chali, nacheka, mbwa ananilamba mdomo. Chini yake umeandika: "Mkwe wenu huyo." Wewe uliyenihesabia maji. Unajua sikulala siku ile kabla ya kuosha mara saba, kwa sababu ni wewe uliyekuwa na kata mkononi.

Baba yako alinipigia mara moja. Hakupaza sauti. "Mwanangu haolewi na mtu anayebusiana na mbwa," akasema, na simu ikakatika.

Hapo nilikuwa na hasira, lakini ya kawaida. Nilisema Nassor kapoteza biashara, kachanganyikiwa, atarudi aombe radhi, nami nitamzungusha kidogo kisha nitamsamehe. Ningekusamehe, wallahi. Mpaka laoban Liang aliponitumia video nzima. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anakata rufaa, na wewe ulikuwa umempa iwe ushahidi wa ushujaa wa mbwa wake.

Nimeitazama mara moja tu. Inaanza Doudou akiingia majini. Kisha mimi naanguka, na simu inamwacha mbwa, inanigeukia. Haitikisiki, Nassor. Napiga maji kwa mikono, nazama, naibuka, na mkono wako umetulia. Binti mmoja wa kujitolea aliyesimama kando yako ameshavua kiatu kimoja. Anakuuliza, anajua kuogelea? Nawe unamjibu kwa Kichina chako safi nilichokuwa nakionea wivu: "Anajua. Usimvuruge mbwa."

Binti akasimama vile vile na kiatu chake mkononi.

Nimejaribu kukutetea mbele ya nafsi yangu. Labda ulishtuka. Labda uliona Doudou ameshageuka. Lakini alikuwa hajageuka. Kwenye video anageuka baadaye sana. Ulikuwa unangoja uone mbwa atafanya nini, na kama angeifikisha kamba yake angefaulu. Sijui niliweke wapi jambo hili. Nikitembea mtaa wa Yide Lu nikisikia mtu anacheka kwa sauti inayofanana na yako, navuka upande wa pili.

Ningeituma video nzima Unguja siku ile ile ningekuwa nimejisafisha. Kilichonizuia ni mama yako. Kila abiria anayekuja huku alimpa visheti vyetu, na kwenye mfuko aliandika jina langu kwanza kisha lako. Nikamwazia amekaa anaisikia sauti ya mwanawe inasema "anajua". Nikashindwa. Wiki tano nimekaa nayo kwenye simu, nikaacha niitwe mtu wa mbwa.

Jana asubuhi Salma akaniandikia. Hatukuwa tumesemezana tangu baba yake akate simu. Nakunukulia alivyoandika:

"Nimeitazama tena ile video ya baba. Nguo zimerowa, midomo imekuwa myeupe, na macho yale si ya mtu anayecheza. Kuhusu mbwa sina swali. Nani alikuwa ameshika simu?"

Nilizunguka na swali lile mpaka baada ya adhuhuri. Ningeweza kusema sijui. Ningekuwa nimekulinda wewe, na nimemdanganya mtu pekee huko kwenu aliyenitazama usoni badala ya kumtazama mbwa. Nikamjibu kwa maneno mawili: kaka yako.

Video sikumtumia. Amesema ataiomba kwako mwenyewe, akusikie unavyoieleza. Basi namba yangu endelea kuifunga, lakini ya Salma ikilia, pokea.

Kwaheri, Nassor.

Mimi, niliyetaka kuwa shemeji yako