Mvua ya Kwanza Huku Dilala

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe na tata, baba yangu. Je, kifua chake kimepata nafuu? Mihogo mmekwisha kuianika? Mimi ni mzima, ila moyo haujatulia, ndiyo maana nampa barua hii mama muuza makala ya kupikia anayerudi huko kwetu Mutshatsha. Simu ni ya mama mdogo, na nikipiga anakaa karibu yangu.

Mama, ni Kabeya, mtoto wake. Mvua ya kwanza iliponyesha nilikumbuka desturi yako: mtoto asiyetembea bado aogeshwe maji hayo ili mifupa ikaze. Ni mimi niliyemwambia mama mdogo. Ni mimi niliyetega mabeseni chini ya bati. Alifurahi sana, na tangu siku hiyo maji ya mvua ndiyo ya kumwogeshea na ya kupikia uji wake. Sasa ametokwa na vipele, shingo inachubuka, analia tukimgusa.

Mwalimu wa kemia alinipa vikaratasi vya samawati vya kupimia asidi nilipomaliza shule. Nilichovya kimoja katika maji ya kisima, kikabaki vilevile. Nikachovya kingine katika beseni, kikawa chekundu papo hapo. Tulifundishwa kwamba mvua yoyote ina asidi kidogo, lakini moshi wa salfa wa viwanda huizidisha, na vumbi la shaba na kobalti hushuka nayo. Vumbi hilo karatasi haiwezi kulionyesha. Sijui Kabeya amekunywa nini.

Nilimwonyesha mama mdogo. Akacheka.

"We mutoto, karatasi njo itanifundisha kulea? Yaya mwenyewe alituogeshaka na mayi ya mvula, na tulikomaa!"

Yaya, dada yake mkubwa, ni wewe, Mama. Neno lako ndilo nililomletea, na mimi siwezi kulirudisha. Atakusikia wewe tu. Mpigie leo. Mwambie atumie maji ya kisima, ayachemshe, na ampeleke mtoto hospitali. Nakuomba kwa magoti.

Nisalimie nkambo, mama yake tata, na kaka yangu wa relini.

Wingu limefunga tena upande wa migodi. Nilikuwa nimeyapindua mabeseni yote. Sasa namsikia mama mdogo uani:

"Nani alipindula mabeseni yangu?"

Matone yameanza kugonga bati. Naenda kumwambia ni mimi.

Mwanao,
Ngalula